Urefu wa Flo Hyman

Leo na tumfikirie Flo Hyman, mchezaji wa mpira wa wavu wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1954. Utotoni urefu wake ulimtia haya. Mwishowe alifikia sentimita 196. Lakini penye wavu urefu huo ulikuwa mali, na kuuzuia mpira wake ilikuwa kazi. Mwaka 1980 alitazamia kwenda Olimpiki ya Moscow, nchi yake ikaisusia. Akavumilia miaka minne, na mwaka 1984 huko Los Angeles yeye na wenzake wakapata medali ya fedha.

Kisha akaenda Japani, akaifanya kazi ya kuchezea timu ya Daiei. Tarehe 24 Januari 1986, mjini Matsue, alitolewa uwanjani apumzike. Akiwa ameketi na wenzake, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 31. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulikuwa umepasuka. Alikuwa na ugonjwa uitwao Marfan, ambao mara nyingi humrefusha mtu na kuudhoofisha mshipa huo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baadaye ndugu yake alipimwa, akakutwa na ugonjwa huohuo, naye akapasuliwa mapema.

Wapenzi, huenda nyumbani mwenu yumo kijana mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu. Msiishie kumsifu. Kama katika ukoo wake kuna aliyekufa ghafula, mpelekeni kwa daktari apimwe moyo. Ampendaye mtu humwangalia. Kwaherini.