Dawa Ifikapo Nyumbani
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Laela)



Wengi wetu si waganga; tu makarani, walimu na watunza bohari. Huenda mtu akauliza, twahusikaje na dawa? Twajibu kwamba dawa hupita mikononi mwa wenye kuandika na kuhesabu kabla ya kufika kinywani mwa mgonjwa, na kosa la kalamu laweza kuua.

Hapa Laela magari hupita kwenda Tunduma na Sumbawanga, lakini wagonjwa wengi hukaa mbali na barabara, nao huuguzwa nyumbani. Siku moja tulifika kwa bibi mmoja aliyemwuguza mwanawe. Alitutolea kopo lenye vidonge vyeupe vya namna tatu, vimefungwa katika vipande vya karatasi visivyo na maandiko. Akasema, "Wajukuu zangu, hivi ni vya asubuhi, hivi vya maumivu, hivi nimesahau." Hatukuthubutu kumlaumu, maana aliyepaswa kuandika hakuandika. Tulivirudisha vyote zahanati, akapewa vingine vyenye maandiko.

Basi kila pakiti iandikwe mambo matano: jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi, saa za kumeza, na tarehe ya mwisho wa dawa. Asiyejua kusoma achorewe jua na mwezi, kisha arudie maagizo kwa kinywa chake, hata kwa Kifipa, kabla mtoaji hajaondoka.

Chukueni mfano wa dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Hutolewa baada ya damu kupimwa, nayo humezwa mara sita kwa siku tatu, kwa kadiri ya uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vinne. Aliyeanza saa 2 asubuhi humeza tena saa 10 alasiri. Siku mbili zifuatazo ni asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Mwenye kuacha kwa kuwa homa imepoa huviacha vijidudu hai mwilini.

Ama watunza bohari, leja iandikwe siku ile ile, na dawa iliyo karibu kuisha muda itoke kwanza. Leja ikisema 100 ilhali rafuni mna 10, maombi hayapelekwi Bohari ya Dawa kwa wakati, na mgonjwa hurudi mikono mitupu.

Nyumbani, dawa ziwekwe pakavu, mbali na jua na meko, mahali ambapo watoto hawafikii. Sindano zilizotumika zitiwe katika boksi gumu, wala zisitupwe jalalani. Dawa zilizobaki zirudishwe zahanati. Jirani asigawiwe, ijapokuwa ugonjwa wafanana.

Ndugu wanachama, twazoea kudai haki zetu katika chama hiki, na ni vema. Lakini yule bibi naye ana haki, nayo ni maneno machache yaliyoandikwa vizuri juu ya pakiti. Kazi hiyo ni yetu, tusimnyime.