Picha Iliyofichwa Nusu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ibadakuli)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Nitaeleza kosa langu moja, maana lina funzo.

Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilituma hospitali picha za eksirei za mapafu ya wachimbaji dhahabu wa Geita. Mchimbaji akijulikana ana ugonjwa wa vumbi aweza kukosa kibarua. Kwa hiyo ilitupasa kuzisimba picha hizo, yaani kuzigeuza fumbo lisilofumbuliwa bila ufunguo. Kompyuta yetu ilikuwa kongwe, na kusimba picha nzima kulichelewesha kazi. Tukaamua kusimba sehemu tu.

Kila nukta ya picha isiyo na rangi ni namba kati ya 0 na 255, nayo huandikwa kwa biti 8. Biti ya kwanza ina uzito wa 128. Ya mwisho, 1. Tukasimba ile ya kwanza peke yake. Picha ikawa chenga tupu, kama televisheni isiyoshika stesheni. Tukapima kwa desibeli tofauti yake na picha asilia, tukaona imeharibika vya kutosha. Nikatia sahihi.

Kijana mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya kazi hakuhangaika kutafuta ufunguo. Aliitupa biti tuliyoisimba, akaweka 0 kila mahali. Mbavu zikatokea, na pembeni jina la mtu likasomeka. Nilinyamaza. Je, angekuwa mwenye nia mbaya? Siku hiyo hiyo tulisimamisha kutuma.

Baadaye nikajua kwamba mwaka 2002 watafiti Podesser, Schmidt na Uhl walikwisha kuonyesha udhaifu huo, wakaona kuwa usalama mkubwa wataka biti 4 kati ya 8.

Ndugu zangu, kosa lilikuwa katika kipimo. Desibeli hulinganisha nukta kwa nukta. Hazijui mbavu wala jina. Tulipima ubaya wa picha, badala ya kupima kiasi anachoweza mjanja kukirudisha. Ua wa minyaa hausifiwi kwa kutazamwa mchana. Fisi wa usiku ndiye aupimaye.

Sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haioni chenga. Mkiambiwa picha imefichwa, ulizeni: ni nani aliyejaribu kuifichua akashindwa?