Jabiluka: Wenye Ardhi Walitangulia

Msikilizaji, watetezi wa migodi ya urani hudai kwamba wanaoipinga ni wanaharakati wa mjini tu. Jabiluka, kaskazini mwa Australia, inaonyesha vingine. Wenye ardhi, Wamirarr, walikwisha kuona mgodi wa Ranger ukifunguliwa kwao licha ya pingamizi lao. Mwaka 1998 kiongozi wao, Yvonne Margarula, aliita wanamazingira kupinga mgodi wa pili, wa Jabiluka. Maelfu walikuja, wakafunga njia ya mgodi huo kwa miezi 8. Mamia walikamatwa, Margarula akiwemo. Wageni walifuata uongozi wa wenyeji, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yao. Mwaka 2005 kampuni ya mgodi ilitia saini makubaliano: bila ridhaa ya Wamirarr, hakuna kuchimba. Julai 2024 serikali ilikataa kuongeza muda wa leseni ya Jabiluka. Sasa Wamirarr wanataka ardhi hiyo iunganishwe na Hifadhi ya Kakadu. Wasikilizwe.