Kiwanja cha Karibu na Bandari

Kama Biblia yako i karibu, ifungue katika kitabu cha Nehemia, mlango wa 5. Kama mikono imo kazini, wewe sikiliza tu, nawe utausoma jioni pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Nataka kuanzia Sangailu. Wengi wenu hamjafika huko. Ni mji mdogo katika Kaunti ya Garissa, upande wa kusini, njia ya kutoka Ijara kwenda Hulugho. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ng'ombe. Bahari haionekani pale. Watu hutegemea maji ya silanga, na silanga ikikauka mifugo huswagwa mbali. Hata hivyo habari za bandari huzungumzwa sana, kwa kuwa barabara ile ipitayo Sangailu imo katika mpango wa LAPSSET, pamoja na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Nilifika pale kwa kazi ya shule. Jioni moja mzee mmoja akanikaribisha chai. Mwanawe, kijana mwenye maneno mengi, alikuwa akisema kwamba mji mpya wa bandari ukijengwa yeye atahamia huko, akae ghorofani, atazame meli zikiingia. Mzee akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe umesoma. Wale waliokaa kando ya bandari kabla haijawa nzuri, ikishakuwa nzuri hukaa wapi?"

Nikamweleza habari za Cardiff, katika nchi ya Wales, kule Uingereza. Mimi sijakanyaga huko, lakini habari zake zimeandikwa, na zinawahusu Wasomali. Mtaa wenyewe huitwa Butetown. Gati lake kubwa la kwanza lilifunguliwa mwaka 1839 ili kupakia makaa ya mawe, na mwaka 1913 bandari ile ilisafirisha zaidi ya tani milioni 10. Meli zile ziliendeshwa kwa moto, na moto ule ulihitaji watu wa kuutia makaa kwa sepeto, chini kabisa mwa meli, katika joto lisilosemeka. Wasomali wengi walifanya kazi hiyo, na Wayemeni, na watu wa Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Wakapanga vyumba Butetown, wakaoa, wakazaa, wakajenga mahali pa kusali. Watu wa sehemu nyingine za mji waliuogopa mtaa ule na kuusema vibaya.

Kisha makaa yakaisha soko. Gati lile la kwanza likafungwa mwaka 1964, na katika miaka hiyo hiyo nyumba za zamani za mtaa zikabomolewa, wengine wakahamishwa, wengine wakapandishwa katika majengo marefu. Mwaka 1987 serikali ikaunda shirika la kuifufua bandari, likafanya kazi mpaka mwaka 2000. Wakajenga boma la kuzuia bahari, likamalizika mwaka 1999, na pale palipokuwa na matope kila maji yakipwa pakawa ziwa la maji matamu. Pakajengwa mahoteli, jumba kubwa la michezo ya kuigiza, na bunge la Wales, lililofunguliwa mwaka 2006. Hata kanisa la zamani la mabaharia wa Norway, ambalo lilikuwa limeachwa likioza, lilivunjwa vipande, likajengwa tena, na mwaka 1992 likafunguliwa kuwa mahali pa sanaa na pa kunywa kahawa. (Sisi wa makanisa tusiwacheke. Yako majengo yetu ambayo hata kahawa haijanyweka ndani yake.)

"Na Wasomali?" mzee akauliza.

Nikamwambia wapo. Lakini kati ya mtaa wao na barabara pana ya nyumba mpya kuna reli, na kando ya reli kuna ukuta mrefu wa mawe. Upande mmoja mna watu waliokuja kwa ajili ya ziwa, upande wa pili mna wajukuu wa waliotia makaa. Fedha nyingi zilimwagwa mahali pale, na mtaa wa wajukuu ukaendelea kuhesabiwa kati ya mitaa maskini ya Wales. Ni kutembea kidogo tu kutoka huku kwenda huku.

Sasa turudi kwa Nehemia. Twapenda kulihubiri jambo la ukuta wa Yerusalemu, jinsi kila jamaa ilivyojenga sehemu yake, na jinsi walivyoshika silaha huku wakijenga. Mlango wa 5 twauruka. Humo, kazi ingali inaendelea, maskini wanalia. Hawawalilii maadui. Wanawalilia ndugu zao Wayahudi. Njaa imewafanya waweke rehani mashamba na nyumba, kodi ya mfalme imewafanya wakope, na binti zao wamekuwa watumwa. Ukuta unapanda, na aliye ndani yake anapoteza nyumba.

Nehemia akakasirika, akakusanya mkutano mkubwa, akawakemea wakuu mbele ya watu. Wala hakujitoa, maana alikiri kwamba yeye mwenyewe na watu wake walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Halafu katika aya ya 16 aeleza kwamba muda wote wa kazi ile yeye na watu wake hawakujipatia shamba. Mtu aliyekuwa liwali! Yeye ndiye aliyejua mapema lango litakaa wapi, na ni kiwanja gani kitapanda bei.

Nilipomaliza kumweleza mzee habari hiyo, aliniuliza, "Nawe mwalimu? Umenunua huko karibu na bandari?"

"Sikununua, mzee," nikajibu.

Akafurahi sana. Akamwambia mwanawe aniongeze maziwa. Nikayanywa.

Wapenzi, nilisema kweli, wala sikusema yote. Miaka michache kabla ya jioni ile dalali mmoja alinipeleka kutazama kiwanja upande wa Hindi, bara ya Lamu. Alikuwa na ramani ndani ya mfuko wa nailoni, naye alijua barabara itapita wapi. Mwenye kiwanja alikuwa mama mjane. Tulimkuta akipalilia mahindi, na pembeni palikuwa na miembe miwili. Alitutolea mkeka. Kisha akataja bei yake mwenyewe, na bei ile ilikuwa ya mahindi na miembe, si ya barabara. Dalali akanikanyaga mguu nisije nikashangaa kwa sauti.

Sikuweza kununua. Dhamiri ilinisumbua, nikasema nitafikiri, nikaenda zangu. Nilijisifu moyoni njia nzima. Lakini yule mama sikumwambia neno. Ningaliweza kumwita kando na kusema, "Mama, usiuze kwanza, uliza watu, barabara inakuja." Ni maneno machache tu. Niliona haya mbele ya dalali, basi nikanyamaza. Nilipopita tena baadaye mahindi hayakuwapo, ukuta wa matofali umeanzwa, na kijana mlinzi hakujua mama alikohamia.

Nehemia hakukaa kando na mikono safi. Alisema, tena mkutanoni, mbele ya matajiri ambao alihitaji msaada wao katika ujenzi. Kule Lamu wavuvi walisema: walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na bandari. Wao walikuwa wengi, walishikana. Yule mama alikuwa peke yake, na siku ile mtu pekee aliyejua na ambaye hakuwa na faida katika kunyamaza alikuwa mimi.

Mzee wa Sangailu hajui hayo. Nikijaliwa kufika tena nitamweleza, hata akininyima chai.

Tuombe. Ee Bwana, yule mama wewe wajua alipo. Nionyeshe alipo, nami niende. Na msikilizaji aliye na ramani mkononi asubuhi hii, na jirani asiyeijua, mpe kinywa kabla jua halijatua. Kwa jina la Yesu. Amina.