Mashine au Sebuleni?

Mgonjwa wa kiharusi hufungwa mikanda inayombeba sehemu ya uzito wake, akatembezwa juu ya mashine ya mazoezi. Inavutia kutazama. Lakini utafiti wa LEAPS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia wagonjwa 408: wengine kwenye mashine, wengine nyumbani wakijenga nguvu na usawa wa mwili. Mwaka ulipotimia tangu waugue, asilimia 52 ya wote walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na makundi hayakupishana.

Habari njema kwa asiye na mashine. Ila, msikilizaji, nyumbani si kuachiwa mkongojo mlangoni. Wale wa nyumbani walisimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, vipindi 36 vya dakika 90 kila kimoja.