Makaa Yanayobaki Nyumbani

Msikilizaji, ukipita vichakani kule Mutomo au Mutha, kusini mwa Kitui, hukosi kukutana na duara jeusi ardhini. Hapo palikuwa na tanuru la makaa. Mti ulishakatwa, gunia likapakiwa, lori likaenda zake Nairobi. Kilichosalia ni vumbi jeusi na vipande vidogo ambavyo hakuna aliyeona haja ya kuviokota.

Kule Ejura, Ghana, watafiti walipima mahindi yaliyoota kwenye maduara ya namna hiyo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Punje zilizovunwa pale palipochomwa makaa zilikaribia maradufu ya zile za ardhi ya kando. Moto na majivu vilichangia, lakini hata yale makombo ya makaa yalikuwa na kazi yake. Habari hiyo hunitia uchungu kila niikumbukapo. Kitui imetoa miti yake miaka nenda miaka rudi, hadi serikali ya kaunti ikapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Na muda huo wote, kilichofaa udongo wetu ni yale makombo tu.

Leo nazungumzia makaa ya aina nyingine, yasiyohitaji mti kuangushwa. Wataalamu huyaita bayocha. Ni makaa ya mabua, magunzi na matawi yaliyopogolewa, yanayochomwa kwa hewa kidogo, yakapondwa na kufukiwa shambani. Wenyeji wa Amazon walichanganya makaa, mifupa na taka za jikoni karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na udongo wao mweusi una rutuba hadi leo. Kipande cha kaa kina vitundu visivyohesabika. Vitundu hivyo hushika maji na chakula cha mmea, na udongo wetu wa kichanga, ambao mvua ya leo kesho kutwa imeshapotea, unahitaji kitu cha kushika.

Kazi yenyewe haitaki mtambo. Chimba shimo la mfano wa faneli, pana juu, jembamba chini. Washa moto mdogo chini kabisa kwa vijiti vikavu. Vikishika vizuri, tandaza mabua juu yake, tabaka jembamba. Sasa tulia utazame. Mabua yatawaka, yatakuwa meusi, kisha pembeni utaona ukungu mweupe wa majivu ukianza. Hapo hapo ongeza tabaka jingine. Ule mwali wa juu unakula hewa, kwa hiyo makaa ya chini hayapati nafasi ya kuwa majivu. Ukiona moshi mzito, ama mabua yako ni mabichi ama umeyarundika kwa pupa. Shimo likijaa, zima.

Vitabu vinasema zima kwa maji. Lakini mama wa Kitui aliyeamka alfajiri kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, nani atamwambia ayamwage shimoni? Funika kwa udongo, ushindilie pembeni pote pasitoke hata uzi wa moshi, uache hadi kesho. Palipo na upenyo utakuta majivu. Kaa lililoiva halikuachii utomvu mkononi. Linavunjika kwa mlio mkavu, kama kigae.

Ila usilipeleke shambani hivyo hivyo. Kaa jipya lina njaa. Linaweza kunyonya naitrojeni ya udongo na mahindi yako yakageuka manjano msimu wa kwanza. Liponde, ulitandaze kwenye boma la mbuzi. Likae humo wiki kadhaa, linywe mkojo, lichanganyike na samadi. Harufu ya boma nayo itapungua.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Majaribio mengi hutumia tani 10 kwa hekta, yaani kama tani nne kwa ekari. Kilo 100 za mabua makavu katika shimo kama lile hutoa kilo 20 hivi za makaa. Ekari moja basi itataka tani 20 za mabua, na ekari ya Ukambani hailioni rundo hilo kwa misimu mingi. Kwa hiyo usinyunyize shamba zima. Weka viganja viwili ndani ya shimo la kupandia, au ndani ya shimo la zai linalokusanya maji ya mvua, msimu huu mashimo haya, msimu ujao yale.

Na hayo mabua yenyewe yana wenyewe. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa Makueni anaishi kwa mabua ya mahindi. Vijiti vya mbaazi ndivyo kuni za jikoni. Anayekuja na kuviita taka hajaishi hapa. Mimi ningeanza na matawi ya miembe yanayopogolewa na kuchomwa bure pembeni mwa shamba. Kisha jiko. Embu, Kwale na Siaya, watafiti wa chuo kikuu cha kilimo cha Uswidi na wa taasisi za utafiti za IITA na KIRDI wamefanya kazi na wakulima wakitumia jiko linalopika kwa gesi ya kuni na kuacha makaa chini. Mama anapika kwa vijiti vilevile vya mbaazi, moshi umepungua sana, na baada ya chakula makaa yapo tayari. Jiko hilo ndilo ningependa kuliona Kathonzweni na Mwingi.

Naogopa jambo moja. Siku hizi wapo wanunuzi wa hati za hewa ukaa wanaolipia kila tani ya bayocha. Mkulima akifungwa na mkataba unaohesabu tani, mabua yakiisha atageukia mti. Tumeshaiona njia hiyo ilikotupeleka. Mkataba wowote utaje malighafi kwa jina, na makaa yabaki kwenye shamba la mwenyewe.

Watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huko Katumani na Kiboko watusaidie kujua udongo upi unafaa, kwa sababu makaa hupunguza asidi, na mahali penye udongo wa magadi yanaweza kuharibu. Wakati tunawasubiri, wewe mwenye ndengu unaweza kujipimia. Kabla ya mvua ya Oktoba, tenga mistari minne. Miwili weka samadi yenye makaa, miwili samadi peke yake, kiasi kilekile, mbegu ileile, siku ileile. Weka kigingi kila upande usije ukasahau. Ukivuna mwezi wa kwanza, pura kila upande kivyake, upime kwa gorogoro moja.