Rundo Kwanza, Mashine Baadaye: Mabaki ya Mazao na Moto wa Handeni na Korogwe

Kila inapofanyika warsha ya nishati safi mkoani Tanga, hakosekani mjumbe wa kusimama na kusema kwamba ukataji wa miti utakoma siku vijiji vitakapopewa mashine za mkaa mbadala. Hoja yake ni fupi, na hupigiwa makofi: mabua yamejaa mashambani, magunzi yanatupwa, makapi ya mkonge yanaoza, na vyote hivyo ni vya bure. Kikundi cha akina mama kikipata pipa la kuchomea, mashine ya mkono na mafunzo ya siku chache, misitu ya Handeni itapona. Mhadhara huu unaipinga hoja hiyo, tena kwa urefu, kwa sababu imekwisha kula fedha na matumaini ya watu wengi, na kwa sababu iko karibu sana na ukweli hata si rahisi kuona inapokosea.

Usuli unafahamika. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania inatumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na nusu yake inaishia Dar es Salaam. Msafiri wa barabara ya Chalinze hadi Segera ameyaona magunia yakiwa yamesimamishwa kando ya lami, Mkata na Kabuku. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huohuo ulizinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Maswali yasiyoulizwa ni matatu: hayo mabaki yako wapi, yana maji kiasi gani, na ni mali ya nani?

Korogwe ni nchi ya mkonge. Miche 62 iliyonusurika safari ya Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893 ilizaa mashamba ambayo, kufikia 1964, yaliiwezesha nchi kuzalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Lakini singa ni sehemu 2 hadi 4 tu katika kila sehemu 100 za jani. Anayesimama kando ya korona, mashine ya kukwangulia majani, huiona hesabu hiyo kwa macho yake. Jani linaingia nene na zito, visu vinalikwangua, singa mbichi inatoka upande wa pili nyembamba kama nywele, na chini yake rojo la kijani linasukumwa na maji kwenye mfereji, likinuka uchachu hata kabla halijafika shimoni. Mtetezi wa mkaa mbadala hulitazama shimo hilo akaona nishati ya bure.

Hesabu inasema vingine. Tuseme rojo hilo lina maji asilimia 85. Kila kilo moja ya mabaki makavu, yenye joto la takriban megajuli 17, imebeba maji ya kilo 5 na nusu na zaidi. Kuyapasha maji hayo mpaka yawe mvuke kunadai karibu megajuli 15, na hapo bado hakijahesabiwa kikaushio, ambacho hupoteza theluthi ya moto wake au zaidi. Moto wa kukaushia unaumeza moto uliotarajiwa wote na kudai nyongeza. Jua lingesaidia, ila linahitaji uwanja mpana, watu wa kugeuzageuza na mvua isiyokuja. Ndiyo maana mtambo uliojengwa Hale, katika shamba la Katani, ulifuata njia nyingine kabisa: makapi yanaingia tangini yakiwa mabichi, bakteria wanatoa gesi, na jenereta zake ziliwekewa uwezo wa kilowati 300. Chenye maji kiende kwenye gesi. Anayetaka kukifinyanga kiwe kuni anashindana na maji, na maji yatamshinda.

Mabua ya mahindi ni makavu, kwa hiyo yangeonekana kufaa. Tatizo lake ni kutawanyika na wepesi. Mabua yaliyopakiwa bila kushindiliwa yana uzito wa kilo 60 hivi kwa mita moja ya ujazo. Lori lenye nafasi ya mita za ujazo 30 litabeba tani 2 pungufu, na dereva atalipwa dizeli ileile ambayo angelipwa kwa mzigo kamili. Tena mabua hayakukaa bure. Baada ya mavuno ng'ombe huingia shambani, na yanayobaki hufunika udongo katika wilaya kama Handeni, ambayo mvua zake hazitabiriki. Kuyaondoa ni kuhamisha rutuba, na gharama yake huonekana msimu unaofuata.

Halafu kuna suala la gundi. Unga wa mkaa haushikani wenyewe. Vikundi vingi huushikamanisha kwa uji wa muhogo. Katika kaya ambayo muhogo ndio akiba ya miezi ya njaa, kuupeleka kwenye mkaa ni uamuzi mzito, na mafunzo ya siku chache hayaugusi.

Kuna kitabu kimoja ambacho kila anayetaka kununua mashine angepaswa kukisoma kabla ya kutia saini. Kilitolewa Roma mwaka 1990 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na waandishi wake ni Sven Eriksson na Mike Prior. Sifa yake ya kwanza ni uaminifu. Badala ya kuahidi, kinakwenda kuangalia viwanda vyenyewe katika nchi zinazoendelea, vikiwemo vya maganda ya karanga Gambia na maganda ya kahawa Kenya, kisha kinauliza maswali ya mfanyabiashara: malighafi ilifikaje hapa, mashine ya pistoni inatofautianaje kwa gharama na ile ya skrubu, vipuri vinaisha upesi kiasi gani, na mnunuzi ni nani? Majibu yake hayajazeeka. Briketi, yaani mabaki yaliyoshindiliwa yawe kuni, husimama pale ambapo mabaki yamekwisha kukusanywa na kazi nyingine, kiwandani au kinuni, bila mtu kulipwa kuyafuata. Na mshindani wake mkuu siku zote ni kuni. Mahali ambapo mti unakatwa bila kulipiwa bei yake ya kweli, briketi haiwezi kuuzika. Kila anayezungumzia Handeni bila kuyataja mambo hayo mawili anaanza kazi ambayo wenzake waliikamilisha zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mwandishi wa mhadhara huu ana bibi yake, mkulima wa Handeni, wa kumshukuru kwa somo hilohilo. Bibi aliweka magunzi kwenye kiroba chini ya uchaga, na kila alfajiri alichukua machache kuwashia moto wa chai. Mjukuu aliporudi na elimu ya chuo, akashauri magunzi yakusanywe kijiji kizima yakafanywe mkaa, alijibiwa kwa upole: "Mjukuu wangu, ukiyabeba haya, mimi asubuhi nitawashia nini?" Magunzi ya nyumbani yana mwenyewe na yana kazi.

Magunzi yenye nafasi ni mengine. Ni yale yanayobaki pale mashine ya kupukuchua ya kukodi inapotua, wafanyabiashara wakaja na mahindi yao, na jioni likabaki rundo linalochomwa moto ili kusafisha mahali. Katika kila kilo 100 za punje hutoka karibu kilo 20 za magunzi. Mashine ikipukuchua tani 10, tani 2 zimekusanyika bila mtu kutumwa shambani. Nyuma ya vinu vya mpunga vya Mombo kuna maganda pia, ingawa hayo yanataka tahadhari: karibu sehemu moja ya tano ni majivu yenye silika, ambayo hulisaga skrubu la mashine ya briketi kama msasa.

Linabaki swali la kuchoma kuwa mkaa au kutochoma, na hapa wapinzani wana haki yao. Mkaa mbadala hautoi moshi mwingi, na mama wa mjini anayepikia chumba kimoja hana bomba la kutolea moshi. Vumbi la mkaa linalobaki kwenye vibanda vya wauzaji, ambalo kampuni ya Chardust ya Nairobi ilijengea biashara, linafaa kabisa, kwa kuwa limekwisha kuchomwa. Hayo yote yakipimwa kwa haki, msimamo wa mhadhara huu haubadiliki: gunzi kavu lisichomwe kuwa mkaa. Kilo moja yake ina megajuli 16 hivi. Ikichomwa vizuri itatoa robo kilo ya mkaa au zaidi kidogo, yenye megajuli 7 au 8. Nusu ya moto imepotelea kwenye pipa kabla sufuria haijainjikwa.

Wenye viwanda walilielewa hilo zamani. Katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, upande wa pili wa wilaya ya Kilindi, makapi ya miwa huingia kwenye boila vilevile yalivyotoka kinuni. Kiwanda cha saruji cha Hima, magharibi mwa Uganda, kimechoma maganda ya kahawa kwenye tanuri lake kupunguza mafuta mazito. Hakuna aliyeyageuza mkaa kwanza.

Kwa Handeni na Korogwe, tanuri la kuanzia ni jiko la shule ya bweni: jiko lililojengewa, lenye bomba la moshi, linalochemsha maharage kila siku kwa ratiba inayojulikana. Halmashauri iingie mkataba na wenye mashine za kupukuchua kati ya Mkata na Kabuku, shule inunue magunzi kwa kilo baada ya kupimwa unyevu, na chuo kitoe mizani, kipima unyevu na mwanafunzi wa kuandika kila mzigo. Mwaka wa kwanza hauhitaji hata mashine moja ya briketi, maana gunzi kavu huwaka lenyewe. Ya kushindilia inunuliwe mwaka wa pili, kwa shule zilizo mbali na rundo tu, iwapo daftari litaonyesha kwamba nauli ya lori inazidi gharama ya kushindilia.